Usipoziba Ufa: Namna ya Kutengeneza Vyombo vya Plastiki Nyumbani

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya vyombo ambavyo bila hivyo kazi ya shamba husimama: ndoo, dumu la maji, beseni, tangi, bomba la bustani, na bomba la mgongoni la kupulizia dawa. Vyombo hivi siku hizi karibu vyote ni vya plastiki, na plastiki, kama tunavyojua sote, hupasuka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni kweli hata kwa dumu. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20 na zaidi. Mama aliyelichota kisimani akalibeba kichwani mwendo wa saa nzima, akifika nyumbani akakuta limebaki nusu kwa sababu ya ufa mdogo kwenye kitako, amepoteza nusu ya kazi yake. Ufa huo usipotengenezwa utakua, na mwisho dumu litatupwa. Kununua jingine ni fedha.

Sasa, wengi wetu ufa ukitokea hukimbilia dukani kununua gundi. Tunapaka, tunasubiri, tunajaza maji, na gundi yote inabanduka kama ganda la kidonda. Tunasema gundi ni mbovu, au mwenye duka ametudanganya. Lakini mara nyingi gundi haina kosa. Kosa ni kwamba tumenunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Jambo kubwa la mazungumzo yetu ya leo ni hili: jua kwanza plastiki yako ni ya aina gani, ndipo uchague namna ya kuitengeneza. Na kabla hatujamaliza tutataja pia chombo kimoja ambacho hakifai kuzibwa hata kidogo, kwa sababu ufa wake unaweza kukudhuru mwili.

PLASTIKI SI KITU KIMOJA

Tunasema "plastiki" kama tunavyosema "mti". Lakini mninga si mpapai, na mtu hawezi kutengeneza mpini wa jembe kwa mpapai. Plastiki nazo ni nyingi, na kila moja ina tabia yake. Kwa matumizi ya mkulima inatosha kuzigawa katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni plastiki zenye tabia ya nta. Humo mna polietilini, ambayo ndiyo inayotengenezea madumu ya maji na mafuta, matangi makubwa meusi, mabomba meusi yanayovingirishwa kama kamba, na karatasi za nailoni za kuanikia mazao. Mna pia polipropilini, ambayo hutengenezewa mabeseni, ndoo nyingi, viti vya plastiki na mifuniko ya chupa.

Kundi la pili ni plastiki zinazokubali gundi. Humo mna PVC, yaani yale mabomba magumu ya kijivu au meupe ya maji. Mna pia plastiki ngumu za makasha ya redio, tochi na vifaa vya umeme.

Polietilini iligunduliwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI karibu na mji wa Northwich, Uingereza. Aina yake ngumu, ndiyo ya madumu, ilipatikana Ujerumani mwaka 1953 katika kazi ya Karl Ziegler. Mwaka uliofuata Giulio Natta wa Italia alitengeneza polipropilini ngumu. Mabwana hao wawili walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963. Plastiki hizi zilipendwa kwa sababu haziharibiwi upesi na mafuta, chumvi wala tindikali nyingi. Siki hukaa ndani ya dumu miezi mingi, na dumu haliliki. Basi, ndugu mkulima, likumbuke jambo hilo, maana sifa hiyo hiyo inayolifanya dumu kuwa chombo kizuri ndiyo inayolifanya likatae gundi.

NAMNA YA KUITAMBUA PLASTIKI

Ziko njia tatu ambazo kila mtu anaweza kuzitumia nyumbani.

Ya kwanza ni kuangalia alama. Pindua chombo uangalie kitako chake. Vyombo vingi vina pembetatu ya mishale yenye namba ndani yake. Alama hizi zilianzishwa Marekani mwaka 1988 na sasa zimeenea duniani. Namba 1 ni PET, plastiki ya chupa za soda na maji. Namba 2 ni polietilini ngumu, ile ya madumu. Namba 3 ni PVC. Namba 4 ni polietilini laini. Namba 5 ni polipropilini. Namba 6 ni polistirini. Namba 7 ni zile nyinginezo zote. Wakati mwingine badala ya namba kuna herufi tu: HDPE, PP, PVC au ABS.

Njia ya pili ni maji. Kata kipande kidogo kama ukucha mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya ukingo. Weka maji katika bakuli na utie tone moja la sabuni. Kizamishe kipande kwa kidole hadi chini, kisha ukiachie. Kikipanda juu na kuelea, hiyo ni polietilini au polipropilini, yaani kundi la nta. Kikizama, yaelekea ni PVC au plastiki nyingine ya kundi la pili. Chupa ya soda nayo huzama, lakini hiyo haina haja ya kutengenezwa. Angalia jambo moja: viti na mabeseni mengine ya bei nafuu yamechanganywa unga wa chokaa kiwandani, na hayo yanaweza kuzama ingawa ni ya kundi la nta.

Njia ya tatu ni mkono. Ikwaruze plastiki kwa ukucha. Ikiwa inateleza kama mshumaa na ukucha unaacha mkwaruzo, ni kundi la nta. Ikiwa ni ngumu na ukiigonga inalia kama kigae, ni kundi la pili.

Wako mafundi wanaochoma kipande ili wanuse moshi. Sisi hatushauri njia hiyo. PVC ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu wa pua na mapafu hugeuka kuwa tindikali kali. Bakuli la maji linatosha.

KWA NINI GUNDI HAISHIKI DUMU

Umepata kuona tone la maji juu ya jani la magimbi? Tone hujikunja likawa kama ushanga, likabingirika likaanguka, na jani likabaki kavu. Gundi nayo juu ya dumu hufanya vivyo hivyo, ingawa hatuioni kwa macho. Gundi yoyote ili ishike ni lazima kwanza itandae na kulowesha mahali ilipopakwa. Dumu halikubali kulowa. Gundi hukauka juu yake, lakini haikuingia popote wala haikuuma kitu.

Mtu atauliza: "Mbona gundi ya fundi viatu inashika soli?" Naam, hushika ngozi na raba, kwa sababu ngozi ina vinyweleo na raba inakubali gundi ile. Dumu si ngozi wala si raba.

Mwingine atauliza juu ya viyeyushi, yaani vile vimiminika vikali vinavyoyeyusha plastiki, kama asetoni, ambayo wengine wanaijua kwa kuwa imo katika dawa nyingi za kufutia rangi ya kucha. Tia tone la asetoni juu ya kasha la redio lililovunjika, na baada ya muda mfupi pananata. Tia tone hilo hilo juu ya dumu, litakauka na kuondoka pasipo kuacha alama. Kiyeyushi kisichoweza kuyeyusha hakiwezi kuunganisha.

Basi tukubali: kwa dumu, ndoo, beseni na tangi jeusi, gundi za kawaida za dukani ni kupoteza fedha. Hata supa gluu. Njia inayofaa ni moto mdogo unaotumiwa kwa akili, au sindano na boliti.

KUCHOMELEA DUMU NA NDOO

Plastiki za kundi la nta zina sifa moja nzuri: zikipata joto huyeyuka, na zikipoa hurudi kuwa ngumu. Polietilini ngumu huyeyuka kwenye nyuzi kama 130 za Sentigredi, na polipropilini kwenye nyuzi kama 160. Joto hilo hupatikana kwa jiko la mkaa.

Tafuta vitu hivi: jiko la mkaa lililowaka vizuri; bisibisi kuukuu bapa au kipande cha kisu chenye mpini wa mti; msumari; msasa au kisu cha kukwangulia; na dumu bovu la aina ile ile la kukata vipande. Neno "aina ile ile" ni la maana. Namba 2 huunganishwa na namba 2, na namba 5 na namba 5. Ukichanganya, vitaonekana vimeshikana, lakini vikipoa vitaachana kama maji na mafuta.

Fanyia kazi nje, mahali penye hewa, ukikaa upande upepo unakotoka. Kisha fuata hatua hizi:

1. Osha chombo kwa sabuni, hasa kama kilikuwa cha mafuta, na ukikaushe kabisa. Unyevu na mafuta huzuia kuunganika.

2. Tafuta ncha mbili za ufa. Kwa msumari wa moto toboa tundu dogo kwenye kila ncha, pale hasa ufa unapoishia. Watu hushangaa kwa nini tutoboe chombo kinachovuja. Sababu ni kwamba ncha ya ufa ni kali kama ncha ya wembe, na nguvu zote hukusanyika hapo. Tundu la mviringo huivunja ile ncha kali, na ufa unaacha kutambaa.

3. Kwangua pande zote mbili za ufa, kiasi cha upana wa kidole, mpaka uione plastiki mpya inayong'aa. Ngozi ya juu iliyochomwa na jua miaka mingi imekufa, haishiki. Kisha chonga ufa wenyewe uwe kama mfereji mdogo.

4. Kata vipande vyembamba kama kamba za ukindu kutoka lile dumu bovu. Navyo uvikwangue.

5. Pasha bisibisi moto. Isiwe nyekundu. Ijaribu kwanza juu ya kipande kibovu: plastiki ikiyeyuka taratibu kama mafuta ya ng'ombe, joto linafaa. Ikitoa moshi, bisibisi ina joto mno. Iache ipoe kidogo. Plastiki iliyotoa moshi imeungua, na iliyoungua haina nguvu.

6. Weka kipande juu ya mfereji. Pitisha bisibisi katikati, ili kipande na kingo za ufa viyeyuke kwa wakati mmoja, kisha gandamiza. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanayeyusha kipande tu na kukidondosha juu ya chombo cha baridi. Huko ni sawa na kudondosha nta ya mshumaa juu ya meza. Kesho utaibandua kwa ukucha.

7. Nenda hivyo kidogo kidogo mpaka mwisho wa ufa, ukivuka na yale matundu mawili. Kama mkono unaingia ndani ya chombo, fanya hivyo hivyo upande wa ndani.

8. Acha chombo kipoe chenyewe bila kukitikisa wala kukimwagia maji.

Baada ya hapo kijaribu. Kijaze maji, ukaushe nje kwa kitambaa, na ukiweke juu ya gazeti au vumbi kavu usiku kucha. Asubuhi utaona kama gazeti limelowa. Panapovuja, rudia hapo tu.

KUSHONA NA KUFUNGA BOLITI

Wazee wetu hawakuwa na gundi za dukani, lakini kibuyu kilichopasuka hawakukitupa. Walitoboa vitundu pande mbili za ufa, wakashona kwa uzi au ukano, kisha wakaziba mshono. Ujuzi huo unafaa hata leo. Beseni la kufulia au ndoo ya kubebea mbolea iliyopasuka ukingoni inaweza kushonwa kwa waya mwembamba wa shaba. Toboa vitundu kwa msumari wa moto, mbali kidogo na ufa ili visirarue, kisha shona na ukaze. Mshono hautazuia maji peke yake, lakini utabeba uzito. Na kwa kubebea mbolea, mahindi au nguo, uzito ndio kazi yenyewe.

Kwa tundu dogo la tangi iko njia ya boliti. Kata viraka viwili vya mviringo kutoka tyubu kuukuu ya gari au baiskeli. Weka kimoja ndani na kingine nje, kila kimoja na washa yake pana, kisha pitisha boliti na ukaze nati. Raba hugandamana na kuzuia maji bila gundi yoyote. Lakini ufa mrefu chini ya tangi kubwa usiufanyie mzaha. Tangi la lita 1,000 likijaa hubeba maji ya uzito wa kilo 1,000. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya hewa ya moto, na tangi ni lazima limwagwe maji kwanza.

MABOMBA YA PVC

Sasa tuje kwenye kundi la pili. Hapa gundi na viyeyushi ndivyo vyenye kazi.

Gundi ya mabomba ya PVC inayouzwa katika makopo si gundi ya kawaida. Ndani yake mna viyeyushi vikali pamoja na PVC iliyokwisha kuyeyushwa. Ukiipaka, huyeyusha ngozi ya bomba na ngozi ya soketi. Ukiviingiza, ngozi hizo mbili huchanganyika. Kisha kiyeyushi hutoka kama mvuke, na panabaki kipande kimoja. Ni kuchomelea bila moto.

Bomba la bustani lenye maji ya kusukumwa likipasuka, usipake gundi juu ya ufa. Maji yataisukuma kutoka ndani. Funga maji, kata sehemu yote iliyopasuka, na uingize kipande kipya kwa soketi mbili. Kata kwa msumeno, bomba liwe wima sawasawa. Ondoa makombo kwa kisu. Kausha na usugue kwa msasa mwembamba. Paka gundi nyembamba ndani ya soketi na nje ya bomba, ingiza mara moja huku ukizungusha robo ya mzunguko, kisha shikilia kwa nusu dakika ili bomba lisirudi nyuma. Ufungapo kipande cha katikati, hakikisha mapema kwamba bomba lina nafasi ya kusogea, la sivyo halitaingia. Ni vizuri usubiri saa 24 kabla ya kufungulia maji ya nguvu.

Kwa mfereji wa mvua au bomba lisilo na shinikizo, unaweza kufanya kiraka. Kata kipande cha bomba la ukubwa ule ule, ukipasue kwa urefu, ukipake gundi na kukibandika juu ya ufa kama gamba, kisha ukifunge kwa kamba ya raba mpaka kikauke.

Na PVC usiichomelee kwa bisibisi ya moto kama dumu. Gesi yake tumekwisha kuitaja. Kama unataka kulilainisha bomba jembamba ili ulipanue au kulipinda kidogo, maji yanayochemka yanatosha, kwa sababu PVC huanza kulainika kwenye nyuzi kama 80.

REDIO, TOCHI NA VITU VIDOGO

Kasha la redio au tochi likipasuka, mara nyingi ni plastiki ya ABS au polistirini. Hizi huyeyushwa na asetoni. Ondoa betri kwanza. Unganisha vipande vikae sawasawa, kisha kwa kijiti au brashi ndogo pitisha asetoni kidogo kwenye ufa kutoka upande wa ndani. Itajiingiza yenyewe katikati. Bana kwa kamba ya raba na uache mpaka kesho. Usizidishe, maana asetoni nyingi huharibu sura ya kasha, na kioo cha plastiki hugeuka cheupe kama kimeingia ukungu.

Supa gluu nayo hufaa hapa. Tone dogo hushika kuliko tone kubwa. Lakini gundi hiyo ni kavu, haipendi kupindwa wala kuanguka, kwa hiyo usiitumie kwa kitu kinachobeba uzito. Gundi ya mirija miwili inayochanganywa nusu kwa nusu ina nguvu zaidi, na hujaza pengo. Isugulie kwanza kwa msasa ili ipate mahali pa kuuma. Gundi hizi usizipake ndani ya chombo cha maji ya kunywa.

TAHADHARI

Ndugu wakulima, viyeyushi hivi vina manufaa, lakini pia vinaua. Asetoni na gundi ya PVC hutoa mvuke unaoshika moto upesi sana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni usiuone, ukafika kwenye jiko la chumba cha pili, ukarudi na moto hadi kwenye kopo mkononi mwako. Kwa hiyo kazi ya gundi ifanyike nje, siku tofauti na kazi ya jiko. Usivute sigara. Usiinamie kopo ukavuta mvuke; ukisikia kizunguzungu, acha na uende penye upepo.

Petroli isitumiwe kama kiyeyushi cha nyumbani. Na dumu lililowahi kutiwa petroli lisiguswe na moto wala bisibisi ya moto, hata kama ni tupu. Dumu tupu la petroli limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Usihifadhi asetoni katika chupa ya soda, kwa kuwa mtoto atadhani ni soda. Supa gluu ikikunatisha vidole, usivivute kwa nguvu. Loweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na uviachanishe polepole. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi na uende zahanati. Wala usiifute kwa pamba, kwa sababu supa gluu na pamba vikikutana hupata joto kali linaloweza kuunguza.

CHOMBO KISICHOZIBWA

Sasa tumefika kwenye kile chombo tulichokitaja mwanzoni. Ni bomba la mgongoni la kupulizia dawa.

Tangi lake mara nyingi ni la polietilini au polipropilini, kundi la nta. Gundi haitashika. Utachomelea? Huenda likashika leo, lakini chombo hiki hupigwa pampu, hutikiswa na kubebwa saa nyingi juani. Kiraka kikifunguka, hakifungukii ardhini. Kinafungukia mgongoni mwako. Dawa hushuka kwenye shati, kiunoni na mapajani, na ngozi iliyolowa jasho huipitisha mwilini. Dawa nyingi za maji zilizo kali zimechanganywa na viyeyushi, na viyeyushi hivyo hulegeza pia gundi yako. Wakulima wengi huvumilia, wakidhani sumu ni ile inayoingia kwa mdomo tu. Sivyo. Ngozi nayo ni mdomo.

Basi kilichoharibika kwa kuchakaa, kama pete ya raba, mpira wa kupitishia dawa au mfuniko, badilisha kwa kipya cha aina ile ile. Lakini tangi likipata ufa, acha kulitumia. Nunua tangi jipya kama linapatikana, au azima bomba zima kwa jirani mpaka utakapopata lako. Bomba bovu lisigeuzwe kuwa chombo cha maji.

Chupa na madumu ya dawa nayo ni hivyo hivyo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipopitisha kanuni za kimataifa za dawa hizi mwaka 1985, liliagiza kwamba vibandiko vya dawa viwaonye watu wasitumie tena vyombo vyake. Sababu ni kwamba plastiki hunyonya dawa kidogo kidogo, na kuosha hakuiondoi yote. Chombo kikiisha, kisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba la kupulizia uyatumie shambani, kisha kitoboe ili mtu asikitamani. Usikichome moto nyumbani. Muulize Bwana Shamba au Bibi Shamba mahali vinapokusanywa.

KUZUIA NI BORA

Adui mkubwa wa plastiki ni jua. Mionzi yake huivunja plastiki ndani kwa ndani, ikawa kavu kama jani la kiangazi. Ndiyo maana matangi na mabomba ya kukaa nje hufanywa meusi: masizi laini yaliyochanganywa humo huzuia mionzi. Ndoo na dumu la rangi viweke kivulini kazi ikiisha. Usiburure dumu lililojaa. Kitako huliwa na mawe. Beseni lenye maji libebe kwa mikono miwili, pande zote, siyo kwa ukingo mmoja. Bomba jeupe la PVC lifukie ardhini au lifunike.

Kwa kumalizia, tukumbushane. Jaribu plastiki katika maji kabla ya kwenda dukani. Inayoelea, ichomelee au ishone. Inayozama, itafutie gundi yake. Toboa ncha za ufa. PVC usiiunguze. Gundi na jiko visikutane. Na bomba la dawa lenye ufa lishuke mgongoni leo, lisisubiri msimu ujao.

Haya, ndugu wakulima, tuzibe nyufa zinazozibika, na visivyozibika tuviweke kando.